Gesi Tatu na Sentensi ya Kwanza



Wengi wetu tunazijua gesi hizi tatu kwa ubaya wake. Ya kwanza ni nitriki oksidi, ambayo hutoka katika moshi wa magari na kuchafua hewa ya miji. Ya pili ni kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hutoka katika jiko la mkaa na ambayo katika nyanda zetu za juu, majira ya baridi, imewaua watu waliolala wakiwa wamefunga mlango na madirisha. Ya tatu ni hidrojeni salfidi, yenye harufu ya yai viza. Mafundi wanaoshuka katika mashimo ya maji taka huiogopa, na wana haki ya kuiogopa. Hata hivyo wataalamu wa viumbe wametuonyesha, hatua kwa hatua, kwamba mwili wa mwanadamu wenyewe huzitengeneza gesi zote tatu, kwa kiasi kidogo sana, na kuzituma kama matarishi. Seli moja huitoa gesi, nayo hupenya hadi seli ya jirani bila kubisha hodi, ikafikisha habari.

Tumeyajua hayo kwa undani zaidi kwa sababu ya mabishano. Miezi michache iliyopita tulikaa watu wanne, yaani mwalimu wa kemia, dada muuguzi, kijana wa chuo kikuu, pamoja nasi tunaoandika ukurasa huu, tukiwa na nia ya kuandaa makala ya Kiswahili juu ya gesi hizo kwa ajili ya Wikipedia, kamusi elezo huru ambayo yeyote anaweza kuihariri. Kamusi hiyo ilianzishwa kwa Kiingereza tarehe 15 Januari 2001, na tawi lake la Kiswahili lilifuata mwaka 2003. Tulidhani kazi ingechukua jioni mbili. Tumekwisha kukaa jioni tisa.

Anayesoma kamusi hiyo kwa Kiingereza hukuta kwanza jambo la kushangaza: zipo makala mbili zinazokaribiana sana. Moja yazungumzia gesi zote zinazopeleka ishara katika viumbe. Nyingine yazungumzia kundi dogo zaidi, lile ambalo watafiti walilipa jina maalumu mwaka 2002. Msomaji anayejiuliza kwa nini makala ni mbili amekwisha kugusa kiini cha ugomvi. Mwaka huo 2002 mtafiti Rui Wang, aliyekuwa akifanya kazi Kanada, alichapisha makala akiuliza kama hidrojeni salfidi yastahili kuhesabiwa kuwa ya tatu baada ya nitriki oksidi na kaboni monoksidi. Ili kulijibu swali hilo aliweka masharti. Gesi iwe molekuli ndogo. Ipenye utando wa seli yenyewe, bila kutegemea kipokezi maalumu kilichowekwa kwenye utando huo. Itengenezwe ndani ya mwili na vimeng'enya, na utengenezaji wake uwe unadhibitiwa. Iwe na kazi mahususi katika kiasi kile kinachopatikana mwilini kweli. Na kazi hiyo iweze kuigwa mtafiti anapoitia gesi hiyo kutoka nje.

Masharti ni mazuri. Shida ni kwamba kila sharti humtoa mtu fulani nje ya nyumba.

Chukueni ndizi. Bibi zetu wamevundika ndizi tangu zamani: mkungu hutiwa shimoni, hufunikwa kwa majani, moshi hupitishwa kidogo, na baada ya siku chache ndizi zimeiva pamoja. Wanachokifanya ni kutumia gesi iitwayo ethilini. Tunda linaloiva huitoa, matunda ya jirani huipokea na kuanza kuiva nayo, na moshi nao huwa na ethilini ndani yake. Mwaka 1901 mwanafunzi mmoja wa Urusi, Dimitry Neljubow, alionyesha kwamba ethilini iliyokuwamo katika gesi ya taa ndiyo iliyokuwa ikipotosha ukuaji wa miche ya njegere maabarani mwake. Na mwaka 1934 Richard Gane wa Uingereza akathibitisha kwamba tunda lenyewe huitengeneza. Basi hii ni gesi ya ishara iliyojulikana miongo mingi kabla ya zile tatu za wanadamu. Lakini vipokezi vyake katika mmea vimekaa ndani ya utando, kwa hiyo kwa masharti ya mwaka 2002 haiingii! Mwalimu wetu wa kemia, ambaye kwao ndizi ni chakula na kinywaji, alilichukua jambo hili kama tusi la ukoo.

Kijana wa chuo kikuu alimjibu kwa heshima kwamba masharti hayakuwekwa kwa ajili ya migomba. Yaliwekwa na madaktari kwa ajili ya miili ya wanyama, na makala yenye jina lile finyu lazima ifuate maana finyu. Anayetaka ndizi aende kwenye makala pana. Hapo tukaelewa kwa nini makala zimekuwa mbili, na kwa nini kila anayependekeza ziunganishwe hukuta upinzani. Si ukaidi mtupu. Ukiziunganisha, ama maana finyu humezwa, ama ethilini hufukuzwa.

Oksijeni nayo hupeleka ishara, lakini hatuitengenezi, twaivuta. Kaboni dioksidi twaitengeneza, na ikizidi katika damu ubongo hutuamuru tuvute pumzi. Je, hiyo ni ishara au ni taka tu inayopimwa? Amonia ina watetezi wake. Tena wako wanakemia wanaosema kwamba neno gesi lenyewe halifai, kwa maana ndani ya mwili hakuna mapovu: molekuli hizi zimeyeyuka katika maji. Kuhusu hidrojeni salfidi wana hoja yenye uzito, kwani katika damu sehemu kubwa yake haibaki gesi hata kidogo, bali huachia protoni moja na kuwa ioni. Tulipofika hapo ilikuwa saa nne ya usiku, na dada muuguzi alikuwa na zamu ya alfajiri.

Jioni mbili nzima zilikwenda katika swali ambalo tulilidhania jepesi kuliko yote: nani aligundua? Kamusi za kawaida hujibu kwa kutaja tuzo. Mwaka 1998 Tuzo ya Nobel ya tiba walipewa Wamarekani watatu, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, kwa ugunduzi wao kuhusu nitriki oksidi katika mishipa ya damu. Murad alikuwa ameonyesha mwaka 1977 kwamba nitrogliserini, dawa ya maumivu ya moyo, hufanya kazi kwa kutoa gesi hiyo. (Inasimuliwa kwa haki kwamba Alfred Nobel, aliyetajirika kwa kuifanya nitrogliserini kuwa baruti, aliandikiwa na madaktari wake nitrogliserini hiyo hiyo mwaka 1896, mwaka aliofariki, naye aliona kichekesho kilichomo.) Furchgott aliandika mwaka 1980 kwamba ukuta wa ndani wa mshipa hutoa kitu kinachoulegeza mshipa, alikifikia baada ya msaidizi wake wa maabara kukosea utaratibu wa jaribio. Kitu hicho kilikuwa nini? Mwaka 1986, katika mkutano mmoja huko Rochester, Marekani, yeye na Ignarro walipendekeza kwamba ni nitriki oksidi.

Ila kuna mtu wa nne. Salvador Moncada, mzaliwa wa Honduras, aliyekuwa akifanya utafiti Uingereza, pamoja na wenzake Palmer na Ferrige, walichapisha mnamo Juni 1987 vipimo vilivyoonyesha kwamba kitu kile ni nitriki oksidi hasa. Makala ya Ignarro yenye hitimisho hilo ilitoka Desemba mwaka huo huo. Tuzo ya Nobel haigawanywi kwa watu zaidi ya watatu, na Moncada aliachwa. Wanasayansi wengi walilalamika hadharani. Sasa mhariri wa kamusi elezo afanyeje? Akiandika kwamba waligundua watatu, ameiandika hukumu ya kamati kana kwamba ni historia. Akiandika kwamba Moncada alidhulumiwa, ameingiza hukumu yake mwenyewe. Kijana wetu alitaka neno alidhulumiwa; alilitetea kwa joto, akisema kwamba mtu wa nchi maskini akiachwa nje, kuandika kwa upole ni kushirikiana na waliomwacha. Mwalimu alitaka tarehe tu: Juni hapa, Desemba pale, tuzo pale, malalamiko pale, msomaji ana akili yake.

Sisi tulikuwa upande wa mwalimu, na bado tuko huko, ingawa hoja ya kijana ilitukaa moyoni. Tarehe zikipangwa kwa uaminifu, Moncada hapungukiwi na kitu. Tena neno dhuluma likishaingia, mhariri mwingine atalifuta kesho, wa tatu atalirudisha, na makala itakuwa uwanja wa vita. Wenye kamusi wanalijua jambo hilo: wana kanuni kwamba mtu asirudishe maandishi yake zaidi ya mara tatu katika saa 24 kwenye ukurasa mmoja, na penye ugomvi watu waende kwenye ukurasa wa majadiliano wazungumze mpaka wakubaliane.

Mwalimu mwenyewe, lakini, alichomwa na kanuni nyingine. Yeye ana shahada ya pili ya kemia na amefundisha kwa miaka mingi. Aliona vigumu kuambiwa kwamba sentensi yake haikubaliki mpaka ailetee chanzo kilichochapishwa, na kwamba kwa mambo ya tiba hata ripoti ya jaribio moja haitoshi, yatakiwa makala ya mapitio iliyopima majaribio mengi. Je, mtu ajuaye na asiyejua ni sawa? Hakuwa wa kwanza kuuliza. Mwaka 2012 mwandishi wa riwaya wa Marekani Philip Roth aliandika barua ya wazi akilalamika kwamba kamusi hiyo ilimtaka alete chanzo kingine zaidi ya neno lake mwenyewe, kuhusu asili ya riwaya aliyoiandika yeye!

Kanuni hiyo yaonekana ya kijeuri hadi mtu akumbuke kisa kingine, ambacho sisi Wakatoliki tungependelea kisingetuhusu. Mwaka 2006 gazeti moja maarufu la New York lilimsifu mhariri mmoja wa kamusi hiyo, aliyejitambulisha kuwa profesa wa dini mwenye shahada ya udaktari katika teolojia na nyingine katika sheria za Kanisa. Katika mabishano juu ya mambo ya Kikatoliki alikuwa akiweka mezani uprofesa wake. Mwaka uliofuata ikajulikana kwamba alikuwa kijana wa miaka 24 asiye na shahada hata moja kati ya hizo. Tangu hapo ni vigumu kumkasirikia anayesema: cheo chako sikioni kutoka hapa, nionyeshe kitabu. Mtakatifu Isidori wa Sevilia, aliyefariki mwaka 636 baada ya kukusanya elimu ya zama zake katika vitabu 20, naye alifanya kazi hiyo kwa kunukuu waliomtangulia. Hakuitwa mvivu kwa hilo.

Na vyanzo vyenyewe husogea. Mwaka 2005 watafiti huko Marekani walitangaza kwamba panya waliovuta hidrojeni salfidi kidogo walipunguza joto la mwili na matumizi ya oksijeni kana kwamba wamelala usingizi wa majira ya baridi, kisha wakaamka wazima. Magazeti yalishangilia, lakini majaribio ya mwaka 2008 kwa nguruwe wadogo na kondoo hayakuonyesha hivyo. Ripoti za mwanzo kuhusu kiasi cha gesi hiyo mwilini zilitaja viwango vikubwa, vipimo vya baadaye vikaonyesha kwamba kiasi halisi ni kidogo mno kuliko hapo. Hata kaboni monoksidi haikusalimika: sehemu kubwa ya majaribio yake yalifanywa kwa kemikali zenye madini ya rutheniamu zilizotengenezwa ili kuitoa gesi polepole, na katika miaka ya karibuni watafiti wameonyesha kwamba baadhi ya matokeo yaliyohesabiwa kuwa ya gesi yalitokana na madini yenyewe. Makala iliyokuwa sahihi miaka kumi iliyopita yaweza leo kuwa inapotosha, bila mtu yeyote kusema uongo.

Lakini ugomvi mkubwa, ule uliomfanya dada muuguzi asimame na kuvaa koti lake, ulikuwa juu ya sentensi ya kwanza kuhusu kaboni monoksidi.

Kijana alikuwa ameandika kwamba kaboni monoksidi ni gesi ambayo mwili huitengeneza na kuitumia kupeleka ishara kati ya seli. Ni kweli. Chembe nyekundu za damu zinapozeeka, kimeng'enya kimoja huivunja himu, ile sehemu yenye chuma iliyo ndani ya himoglobini, na katika kuivunja hutoka chuma, rangi ya kijani na molekuli ya gesi hii. Wanasayansi watatu walikieleza kimeng'enya hicho mwaka 1968. Mwaka 1993 watafiti wa ubongo walipendekeza kwamba gesi yenyewe ni mjumbe. Aya ya sumu kijana aliiweka ya tatu.

Dada muuguzi hakubishana juu ya ukweli wake. Alisema, “Padre, anayeisoma hii kwenye simu hafiki aya ya tatu.” Yeye amewapokea wodini watu waliotolewa vyumbani mwenye jiko la mkaa, baba na mama na watoto, na wengine hakuwapokea kwa sababu walipelekwa moja kwa moja chumba cha maiti. Gesi hii hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Anayeivuta huanza kwa kuumwa kichwa na kusinzia, akadhani ni uchovu wa kazi, akalala. Sasa mtu huyo, alisema, umemwambia kwa Kiswahili kizuri kwamba gesi hiyo ni tarishi wa mwili.

Kijana alikuwa na jibu, tena jibu la haki. Kamusi elezo si bango la onyo wala kitabu cha maagizo ya tiba. Kanuni zake zasema hivyo. Sumu ina makala yake. Ukianza kila makala kwa hatari, utaandika kwamba maji ni kitu kinachozamisha watu. Mwalimu, mara hii, alikuwa upande wa kijana.

Sisi hatukuwa upande wake. Msomaji wa Kiingereza huenda ana chombo ukutani kinachopiga kelele gesi hiyo ikizidi. Msomaji wetu wa Makete au Njombe mara nyingi hana, ana karai la makaa na blanketi. Kamusi inayoandikwa kwa lugha yake yaandikwa kwa ajili yake. Wala hatukuona kwamba kutaja kifo mwanzoni ni kuegemea upande, kwa maana kifo hicho ni jambo lililothibitishwa kuliko kazi zote za ishara ambazo watafiti bado wanazibishania. Tulikubali, hata hivyo, kwamba sentensi isiwe ya kuamuru. Hatungeandika kwamba mtu asilale na jiko. Tungeandika kinachotokea akilala nalo.

Palibaki swali la jina. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 haingeweza kutusaidia, kwani jina lenyewe lilibuniwa miaka 12 baadaye. Mwalimu alipenda gesi tarishi, nasi tulilipenda pia, lakini kanuni hukataza kubuni jambo na kulitangaza humo kwa mara ya kwanza, na neno jipya ni jambo jipya. Tukaandika kwa urefu na bila madoido: gesi zinazopeleka ishara katika viumbe. Kwa hiyo, kwa furaha ya mwalimu, ndizi zimeingia.

Sentensi iliyokubaliwa jioni ya tisa ni hii: “Kaboni monoksidi ni gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo ikivutwa kwa wingi, kama inavyotokea jiko la mkaa linapowaka katika chumba kilichofungwa, huizuia damu kubeba oksijeni na huua, kwa kiasi kidogo sana mwili wenyewe huitengeneza, na utafiti uliofanywa tangu miaka ya 1990 unaonyesha kwamba huitumia kupeleka ishara kati ya seli.” Ni ndefu. Kijana ameikubali kwa sharti kwamba nusu ya pili isifupishwe na mtu yeyote, na dada muuguzi kwa sharti kwamba nusu ya kwanza isihamishwe. Amonia bado iko nje. Mwalimu ameahidi kuleta makala ya mapitio Jumamosi ijayo, na kijana amekwisha kusema ataisoma kwanza yeye.